Jembe, Nyumba na Akili ya Mpiga Kura



Kila uchaguzi unapokwisha huzuka lawama moja isiyochoka. Huisikii kwa washindi. Utaisikia kwa waliosoma, hasa kama mgombea wao ameangushwa: wananchi hawakujua walichokuwa wanakifanya; wamehongwa kofia na sahani ya pilau; wamefuata kabila, dini au sura; nchi haiwezi kwenda mbele kwa kura za watu wasiojua bajeti ni nini. Jioni hii nataka kuichukulia lawama hiyo kwa uzito, kwa sababu ndani yake mna swali la haki kabisa. Waziri wa Fedha anasimamia deni la taifa, kodi, na mikopo itakayolipwa na watoto ambao hawajazaliwa. Mkulima wa pamba wa Usukumani ampime kwa kipimo gani mtu anayeitaka kazi hiyo?

Swali lenyewe ni kongwe. Plato, kule Athens, alifananisha dola na chombo kilichoko baharini: mabaharia wanagombania usukani, hakuna hata mmoja aliyejifunza unahodha, na yule anayejua kuzisoma nyota wanamwona mpuuzi. Sisi watu wa pwani tunauelewa mfano huu haraka kuliko wengi, na labda ndiyo maana tunaliona pia pengo lake. Abiria wa jahazi la Pemba hajui nyota wala mikondo. Lakini anajua kama jahazi limefika bandari ya Mkoani au limepanda mwamba. Anajua kama nahodha alisinzia, na maji yalipoingia ni nani aliyehangaika. Safari nyingine, akisimama bandarini na manahodha wawili wakamwita, ana la kusema. Zingatieni kwamba nimewataja manahodha wawili. Nitarudi hapo.

Wafuasi wa Plato wana dawa yao: kura zisiwe sawa. Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill alipendekeza mwaka 1861 kwamba wenye elimu zaidi wapewe kura zaidi. Katika siku zetu Mmarekani Jason Brennan ametoa kitabu kizima, mwaka 2016, kutetea utawala wa wenye maarifa. Wanafunzi wangu hudhani haya ni mambo ya kubishania darasani. Kumbe dawa hiyo ilishanywewa hapahapa Afrika Mashariki, na mgonjwa tunamjua.

Machi 1957 Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuwachagua wawakilishi wao wanane katika Baraza la Kutunga Sheria. Mpango uliandaliwa na W. F. Coutts, ofisa wa serikali ya kikoloni. Mtu hakuhesabiwa kwa kichwa chake. Alihesabiwa kwa sifa: shule aliyofikia, kipato au mali yake, utumishi wa muda mrefu na mengineyo ya namna hiyo. Sifa zikiongezeka, kura zinaongezeka, mpaka tatu. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa kwanza wawe na cheti cha uaminifu kwa serikali, maana hali ya hatari iliyotangazwa kwa sababu ya Mau Mau ilikuwa bado haijaondolewa. Karani mwenye cheti cha shule na mshahara mzuri ana kura tatu, wewe mwenye sifa moja una kura moja, na jirani yako hana hata hiyo.

Matarajio yalieleweka. Wapiga kura wa aina hiyo wangechagua watu watulivu, wenye vyeti, wanaoelewana na serikali. Nairobi walikuwa naye C. M. G. Argwings-Kodhek, Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuwa wakili. Wakamchagua Tom Mboya, kijana wa miaka 26, mkaguzi wa afya wa zamani aliyejijenga katika vyama vya wafanyakazi. Katika Mkoa wa Kati alikuwapo Eliud Mathu, aliyesoma Oxford na kuwa Mwafrika wa kwanza kuingia katika baraza hilo mwaka 1944. Akaangushwa na Bernard Mate. Kisha wanane wote walioshinda, wakiwamo Oginga Odinga, Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi, wakaikataa Katiba ya Lyttelton iliyokuwa ikitumika na kukataa vyeo vya uwaziri walivyotengewa. Serikali iliyopima elimu kwa mizani ya kura tatu ikajikuta imejichagulia wapinzani wake wakali.

Mnaweza kusema wapiga kura hao walichagua vizuri, na nitakubali. Lakini hawakuchagua vizuri kwa namna aliyoikusudia mpimaji. Msomi naye ana kero zake, ana watu anaowaamini na asiowapenda, na akiingia kwenye chumba cha kura anaingia navyo. Halafu kuna la pili: mwenye kutunga mtihani ndiye anayeamua jibu sahihi ni lipi. Katika mtihani wa 1957 swali mojawapo lilikuwa utii kwa mtungaji. Ndiyo maana nasita kila ninaposikia pendekezo la kuwachuja wapiga kura, au hata wagombea, kwa vyeti. Katiba ya Tanzania inamtaka mbunge ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, na kila baada ya muda hutokea mtu wa kudai hiyo haitoshi. Kenya walikwenda mbali zaidi: sheria ikadai shahada hata kwa mwakilishi wa wadi, hadi Mahakama Kuu ilipolibatilisha sharti hilo mwaka 2021. Shahada inaonyesha kwamba mtu alimaliza masomo. Kama ataitetea wadi yake au ataiuza, shahada haina habari.

Tanganyika tulikuwa na kichekesho chetu. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au awe amefika darasa la nane, au awe ameshika wadhifa fulani. Akishavuka hapo, analazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja. Ukimwacha yeyote, karatasi yako imeharibika. Kura tatu hizi karibu ziipasue TANU, chama kilichokuwa kikipigania uhuru, kule Tabora Januari 1958. Kiongozi wake, Julius Nyerere, akaushawishi mkutano kwamba chama kishiriki, na Zuberi Mtemvu, aliyepinga, akaondoka kwenda kuanzisha chama chake. Sasa mpiga kura ameambiwa ampime Mhindi na Mzungu ambao pengine hajawahi hata kusalimiana nao. Alifanyaje? Aliuliza TANU inamtaka nani. Wagombea walioungwa mkono na TANU wakashinda. Kuna wanaouita huo ujinga wa kufuata mkumbo. Mimi nauona kuwa uamuzi wa mtu mwenye shughuli nyingi: jambo usiloweza kulichunguza mwenyewe, unamuuliza unayemwamini, na akikupotosha, mara nyingine humuulizi tena.

Nije sasa kwenye mwaka ninaoupenda kuliko yote katika historia ya chaguzi zetu, 1965. Wengi wenu mmefundishwa kwamba enzi za chama kimoja hapakuwa na uchaguzi. Kwa urais, ni kweli. Kwa ubunge, Tanzania Bara ilifanya jambo ambalo enzi ya vyama vingi haijalifikia hadi leo.

Tume ya Rais iliyoongozwa na Rashidi Kawawa ilikuwa imependekeza kwamba chama kiwe kimoja kisheria, lakini kila jimbo liwe na wagombea wawili. Mkutano wa wilaya wa TANU uliwapigia kura waombaji, Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili, na kwa ajili ya wasiojua kusoma, mmoja akapewa alama ya jembe na mwenzake alama ya nyumba. Kampeni ziliendeshwa na chama. Mgombea hakuruhusiwa kumwaga fedha zake. Hakuruhusiwa kugusa kabila, dini wala rangi, na alitakiwa kuzungumza Kiswahili. Na wote wawili walizunguka pamoja, mkutano kwa mkutano, wakapanda jukwaa moja mbele ya watu walewale.

Hebu uoneni mkutano wa namna hiyo. Jembe anasimama, anaahidi barabara. Nyumba ameketi hatua tatu kutoka alipo, anasikia kila neno. Zamu yake ikifika anauliza mbele za watu: si ndiye huyu tuliyemtuma bungeni, hiyo barabara alikuwa ameisahau wapi? Watu wanaangua kicheko. Wanamtazama Jembe usoni: anajibu, anakasirika, au anamtafutia Nyumba doa lake? Mzee asiyejua hata herufi moja anaweza kutoa hukumu hapo, kwa sababu hukumu hiyo haimtaki ajue uchumi. Inamtaka ajue kuwasikiliza watu wawili wanaobishana, na kazi hiyo wazee wetu wameifanya chini ya miti tangu zamani, kwa kesi za mashamba, mahari na ng'ombe.

(Alama zenyewe zilikuwa na utamu wake. Mwenye jembe angeweza kujigamba kwamba bila jembe hakuna chakula, na mwenye nyumba akamjibu kwamba jembe likishalima hurudishwa ndani ya nyumba. Ukitaka ushahidi kwamba mpiga kura hudanganywa na picha, anzia hapo. Lakini picha hizo zilikuwa kwa wote wawili, na siku hiyohiyo.)

Matokeo yaliwashtua wakubwa. Mawaziri wawili walianguka, pamoja na mawaziri wadogo na wabunge kadhaa waliokuwa wakitetea viti vyao. Bibi Titi Mohamed, mwanamke aliyewaamsha wanawake wa nchi hii kuingia TANU, alipoteza kiti chake. Na Mwanza akaanguka Paul Bomani, Waziri wa Fedha.

Bomani hakuwa mtu wa kubahatisha. Miaka ya 1950 ndiye aliyewaunganisha wakulima wa pamba Usukumani dhidi ya wanunuzi waliochezea mizani, mpaka Victoria Federation of Co-operative Unions ikawa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Kwa kipimo chochote cha ofisini, uwezo alikuwa nao, na Rais Nyerere alilionyesha hilo waziwazi: baada ya uchaguzi alimrudisha bungeni kwa kumteua na kumpa wizara nyingine, ya mipango. Hapo mlalamikaji wetu atasema: mnaona? Wakulima wamemtupa mtu ambaye Rais mwenyewe alijua thamani yake.

Lakini tazameni kilichofuata. Mwaka 1966 Rais aliunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao, ile inayojulikana kwa jina la Mhaville. Kamati iliandika kuhusu wanachama wasioelezwa mambo ya chama chao, uhaba wa watu wenye ujuzi, vyama vikuu vilivyojitenga na wakulima, na siasa kuingizwa katika biashara. Baadaye Serikali ikaingilia kati uendeshaji wa vyama kadhaa, Victoria Federation ikiwamo. Sasa, mambo hayo mkulima alikuwa akikutana nayo msimu baada ya msimu pale kituoni: pamba yake inapimwa, makato yanakatwa, na karani hana muda wa kumweleza makato hayo ni ya nini. Sisemi kwamba kila aliyemnyima Bomani kura aliufikiria ushirika, wala kwamba makosa hayo yalikuwa yake binafsi. Alishaondoka kwenda kwenye uwaziri. Nasema kwamba habari ambayo Serikali ilihitaji kamati ili iipate, wakulima walikuwa nayo tayari, na njia pekee waliyokuwa nayo ya kuifikisha Dar es Salaam ilikuwa karatasi ya kura. Rais alikuwa akiupima ujuzi wa Bomani katika wizara. Watu wa Mwanza walikuwa wakipima kitu kingine, na pande zote mbili zilikuwa na haki ya kupima.

Na kwa wale wanaosema mpiga kura wetu haoni zaidi ya ukoo na rangi, mwaka huohuo wa 1965 watu wa Morogoro walimpa ushindi mkubwa Amir Jamal, Mtanzania mwenye asili ya Kihindi. Huyo ndiye aliyeichukua Wizara ya Fedha baada ya Bomani, na aliishika kwa miaka mingi. Lazima niongeze kwamba sharti la kutotaja kabila wala rangi jukwaani lilisaidia. Watu hawakuzaliwa upya mwaka ule. Waliwekewa mazingira ambamo hoja za rangi hazikupata mdomo wa kuzisema.

Katika uchaguzi huohuo mwananchi huyohuyo alipewa pia karatasi ya urais. Hapo lilikuwapo jina moja, ndiyo au hapana. Zaidi ya asilimia 95 walisema ndiyo. Sitaki kumpunguzia Mwalimu Nyerere heshima yake. Nadhani angeshinda hata kama angesimamishiwa mshindani. Lakini mkono uliomwondoa Waziri wa Fedha ndio uliotia ndiyo kwa Rais karibu bila ubishi, na akili iliyouongoza ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba mara ya kwanza iliwekewa watu wawili, mara ya pili mtu mmoja. Na mtu mmoja, ndugu zangu, hapimiki. Unaweza kumpenda au kumchoka, basi.

Sikuja hapa kuwapamba wapiga kura. Nina kesi inayoniumiza. Mwaka 2002 watu wa Tetu, Kenya, walimpeleka Wangari Maathai bungeni kwa takriban asilimia 98 ya kura. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Mwaka 2007 watu haohao wakamwangusha. Lawama iliyosikika ilikuwa ile ambayo kila mbunge wa Afrika Mashariki anaiogopa kuliko kashfa: haonekani.

Kuonekana maana yake nini? Kuwapo msibani. Kutoa mchango kwenye harambee. Kumlipia mtoto wa fulani karo, kumpeleka mgonjwa wa usiku hospitali kwa gari lake. Katiba haikumtuma mbunge kufanya hata moja kati ya hayo. Ilimtuma atunge sheria, apitishe bajeti, aisimamie Serikali. Tatizo ni kwamba kazi hizo za katiba hazionekani kutoka kijijini, na zile za msibani zinaonekana. Mpiga kura anapima kilicho mbele ya macho yake, kama ambavyo mimi na wewe tungefanya. Wanasiasa nao wakaugeuza udhaifu huo kuwa utaratibu. Kenya walianzisha mfuko wa maendeleo ya majimbo mwaka 2003, Tanzania tukafuata na Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo kwa sheria ya 2009, na mbunge anayetakiwa kuikagua Serikali akakabidhiwa naye fedha za miradi. Tusishangae akipimwa kwa madarasa na visima.

Habari ya pilau ni fupi. Mwaka 2000 Tanzania iliiruhusu takrima kisheria, eti ni ukarimu wa asili, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaifuta. Pilau haikuisha. Ila nimekaa na watu wa mitaani kiasi cha kujua kwamba wanakula kwa huyu na kumpigia kura yule bila kukosa usingizi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mgombea anayepika masufuria kumi amewaambia watu jambo fulani kuhusu yeye mwenyewe, wakilitaka.

Ukitaka kujua kama mtu wa kawaida anaweza kufuatilia mambo mazito, kumbuka Februari 2008. Kamati teule ya Bunge chini ya Harrison Mwakyembe ilisoma ripoti yake kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Siku zile watu walijazana mbele ya televisheni za madukani na za vibanda vya chipsi. Waliokuwa wakibishana kuhusu mpira wiki iliyopita walikuwa wakibishana kuhusu zabuni, kampuni isiyo na uwezo, na nani alimwandikia nani barua gani. Hawakuwa wamepewa semina. Walikuwa wamerushiwa mjadala, wenye pande, mubashara. Kisha Januari 2016 Serikali ikatangaza kwamba televisheni ya taifa haitarusha tena vikao vya Bunge moja kwa moja kutwa nzima, kwa hoja za gharama na kwamba mchana watu wako kazini. Ukilifunga dirisha, usimlaumu aliye nje kwa kutoona.

Kwa bahati nzuri, haya hayajabaki kuwa maoni ya mhadhiri. Watafiti wameyajaribu. Uganda, katika Bunge la 2006 hadi 2011, wabunge walitengenezewa kadi za alama kama za wanafunzi: mahudhurio, michango, kazi za kamati. Kadi zikasambazwa majimboni. Wananchi walizisoma, wakazielewa, na walipoulizwa walisema zinabadilisha maoni yao. Lakini siku ya kura kadi hazikutikisa kitu cha maana. Mwaka 2019 yakachapishwa matokeo ya tafiti zilizoratibiwa pamoja katika nchi kadhaa, Uganda ikiwamo, ambazo ziliwapa wapiga kura taarifa za utendaji wa viongozi wao kabla ya uchaguzi. Kwa jumla, kura hazikubadilika. Mashirika mengi yaliyokuwa yakichapisha vipeperushi yalipata huzuni, na wenye dharau wakafurahi: mmepewa ukweli, na bado!

Lakini kulikuwa na jaribio jingine, Sierra Leone, katika uchaguzi wa 2012. Wagombea ubunge walirekodiwa wakifanya mdahalo, na mkanda ukazungushwa vijijini na kuonyeshwa hadharani usiku kwenye skrini kubwa. Watafiti wakalinganisha. Watu wengine waliona mdahalo mzima. Wengine waliona mgombea mmoja mmoja akijieleza habari zake. Wengine walisomewa taarifa tupu, kama za redio. Wote waliongeza maarifa. Lakini mdahalo ndio uliozihamisha kura, kama asilimia tano hivi kuelekea kwa aliyefanya vizuri. Tena wabunge waliopitia midahalo hiyo, walipofika bungeni, walitumia fedha nyingi zaidi za mfuko wa jimbo kwa miradi inayoonekana kuliko wenzao. Kujua kwamba umesikika ukiahidi, mbele ya mshindani wako, kuna uzito wake.

Huo ni mkutano wa jembe na nyumba, ukiwa na jenereta na projekta. Kipeperushi kinamwambia mtu: mbunge wako amehudhuria vikao kadhaa. Ni vingi au vichache? Angekuwapo yule mwingine, angehudhuria vingapi? Taarifa ya mtu mmoja haina kipimo ndani yake. Wawili wakisimama pamoja, kama wale manahodha wawili wa bandarini, kila mmoja anakuwa kipimo cha mwenzake, na kazi ya kuchimba makosa, ambayo mpiga kura hana muda nayo, inafanywa bure na mtu mwenye hamu kubwa ya kuifanya: mpinzani.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama mwananchi wa kawaida anaweza kumpima kiongozi, nami namuuliza amewekewa nini mbele yake. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 Tanzania, wagombea wengi wa upinzani waliondolewa, vyama vyao vikajitoa, na chama tawala kikachukua zaidi ya asilimia 99 ya nafasi, nyingi bila kupingwa. Matokeo hayo hayatuambii chochote kuhusu akili ya wapiga kura. Hawakuulizwa.

Ninachokipendekeza ni cha kizamani na cha bei nafuu. Maadili ya uchaguzi yaseme kwamba katika kila kata itakuwapo mikutano ya pamoja ya wagombea udiwani, na katika kila jimbo mikutano ya pamoja ya wagombea ubunge: jukwaa moja, vipaza sauti vilevile, muda sawa, maswali kutoka kwa waliohudhuria. Mgombea abaki na mikutano yake ya peke yake, matarumbeta na wasanii kama kawaida. Asiyekuja kwenye ile ya pamoja, mwenzake atumie muda wake wote. Gharama yake, nadhani, haifiki hata ile ya fulana za kampeni.

Kwenye urais ndipo nakwama. Mwaka 1995, katika uchaguzi wetu wa kwanza wa vyama vingi baada ya miongo mitatu, wagombea Mkapa, Mrema, Lipumba na Cheyo walikaa kwenye mdahalo mmoja. Hatujaona tena wagombea wakuu wote wa urais wakiketi pamoja namna hiyo. Kenya walifanya vizuri Februari 2013, wagombea wote wanane wakasimama mbele ya kamera. Kisha 2017 Uhuru Kenyatta hakutokea, Raila Odinga akaulizwa maswali peke yake. Na 2022 Raila ndiye ambaye hakutokea, akabaki William Ruto na waendesha mdahalo. Aliyesusa mwaka 2017 alitangazwa mshindi, Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi, naye akashinda ule wa marudio ambao mpinzani wake aliususia. Aliyesusa mwaka 2022 alishindwa. Kiti kitupu, kwa hiyo, hakimwadhibu mtu kwa uhakika, na mgombea anayeongoza katika kura za maoni atakuwa na sababu ya kukaa nyumbani kila mara. Sheria ya kumlazimisha inawezekana, ingawa sijui ni Bunge lipi lenye wabunge wengi wa chama cha Rais litakaloipitisha. Kwa kata na majimbo hatuna kisingizio hicho. Utaratibu upo, uliandikwa kwa Kiswahili, na uliwahi kumwondoa Waziri wa Fedha.